"TIK" YA SEKUNDE YA 47: STAA KAMLIPUA PRODYUZA LAIVU, ILA KOSA LINA WENYEWE WATATU

Jina kapuni, lakini wenye mji wanajua. Kuna staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva aliachia ngoma Ijumaa, na kufikia Jumamosi mchana watu walikuwa hawaongelei mashairi, hawaongelei video, hawaongelei hata lile gauni. Walikuwa wanaongelea sekunde ya 47.

Pale kwenye sekunde ya 47 biti inakata. Anabaki yeye na gitaa tu. Analivuta neno kwa hisia zote, na katikati ya hisia inasikika "tik!" Kavu kabisa, kama mtu kawasha kiberiti cha gesi pembeni ya maiki. Jamaa mmoja akakikata hicho kipande, akakirudia mara kumi, akakipandisha TikTok na maneno "mende naye kapewa kolabo". Basi, kazi ikaishia hapo.

Jumapili usiku staa akaingia laivu. Akalia kidogo, akacheka kidogo, halafu akafunguka: "Mimi nimeimba vizuri. Prodyuza ndiye kaniharibia kazi." Na jina akalitaja. Ndani ya saa chache ukurasa wa prodyuza huyo, dogo wa Tabata mwenye studio ya chumba kimoja, ulikuwa umejaa matusi. Watu wake wa karibu wanasema wasanii wawili waliokuwa wametanguliza hela za kurekodi wameomba warudishiwe chao.

Hasira za staa zinaeleweka. Ngoma ni yake, sura ni yake, na wanaochekwa mtandaoni sio maprodyuza, ni wasanii. Lakini kumbebesha dogo mzigo wote mbele ya maelfu ya watu ni uonevu. Ukifuatilia ile tiki ilivyozaliwa utakuta ina wazazi watatu, na mmoja tu ndiye aliyetajwa laivu.

Kwanza, hiyo tiki ni nini?

Mashabiki wengi wanadhani msanii anaingia studio, anaimba wimbo mzima mwanzo mwisho, anatoka. Hiyo ipo, ila ni wachache. Kinachofanyika sana ni kupanchi. Msanii anaimba mstari, anakosea neno moja, prodyuza anarudisha nyuma, anabonyeza kurekodi pale pale palipoharibika, msanii anaingiza neno upya, wanaendelea. Mwisho wa siku ile vesi unayoisikia kama pumzi moja ni vipande vingi vilivyoshonwa.

Shida ipo kwenye mshono. Sauti kwenye kompyuta inahifadhiwa kama namba. Kwa kiwango cha CD ni namba 44,100 kila sekunde, na za video mara nyingi ni 48,000. Ukizichora zile namba unapata wimbi, linapanda na kushuka kama mawimbi ya Koko Beach. Sasa kata wimbi likiwa juu kileleni, halafu ubandike kipande kingine ambacho chenyewe kinaanzia chini shimoni. Spika inaambiwa iruke kutoka juu mpaka chini papo hapo, bila njia. Ule mruko ndio "tik". Hakuna mende. Maiki haijafa. Ni mshono uliokutanisha ncha mbili zisizofanana.

Ndiyo maana mafundi wanapenda kukata pale wimbi linapopita kwenye mstari wa sifuri, na vipande vyote viwili viwe vinaelekea upande mmoja, vyote vinapanda au vyote vinashuka. Ukipatia hapo, sikio halishtuki.

Mzazi wa kwanza: staa mwenyewe

Waliokuwepo usiku ule wanasema staa alifika studio saa nne usiku. Alikuwa amepangiwa saa nane mchana. Mashairi hayakuwa yameisha, anaandika kwenye simu huku biti inazunguka, anaimba nusu mstari, anasimama, anafuta, anaandika tena. Vesi ya pili ikarekodiwa neno kwa neno. Vipande zaidi ya thelathini kwa vesi moja!

Kupanchi sio aibu, hilo liwekwe wazi. Huko Marekani, hasa kwa marapa wa Atlanta, kuna wanaoingia kwenye maiki bila karatasi na kupanchi mstari kwa mstari, na ngoma zinapiga dunia nzima. Anayesema "msanii wa kweli hapanchi" hajui muziki unavyotengenezwa.

Ila kila panchi ni mishono miwili, wa kuingia na wa kutoka. Vipande thelathini ni mishono kama sitini ya kukagua. Ukija umekariri wimbo, prodyuza ana mishono sita ya kuangalia. Ukija na nusu wimbo kwenye simu, umempa sitini, na wewe huyo huyo unataka faili kabla hakujakucha.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Kiswahili hawaliongelei kabisa. Maneno yetu ya Kiswahili yanaisha na irabu. Karibu yote. Ukiimba "moyo wangu unauma", ile "u" ya mwisho wa "wangu" inaingia moja kwa moja kwenye "u" ya "unauma". Hakuna upenyo. Na irabu ya kuvutwa ndiyo sehemu ambayo wimbi lina nguvu na linaendelea bila kukatika. Kukata hapo ni sawa na kushona gauni la hariri katikati ya kifua, kila mtu ataona.

Sehemu salama ni kabla ya herufi kama "p", "t" na "k". Sema "tabasamu" taratibu. Kabla ya ile "t" kutoka, ulimi unaziba, kuna kimya kidogo sana. Prodyuza akikata ndani ya kile kimya, mshono hauonekani, halafu mlipuko wa "t" wenyewe unafunika kila kitu. Hata kwenye "s" panafaa, maana "s" yenyewe ni mchakacho. Na pumzi pia: msanii akivuta pumzi kati ya mistari, hapo ni pazuri, mradi usibaki na pumzi mbili zimefuatana kama mtu anayekimbizwa.

Staa wetu alisimama wapi? Katikati ya irabu, amelivuta neno, akaona halikukaa sawa, akataka aingizwe hapo hapo. "Kaka, nirudishe kwenye hiyo 'a', usinitoe mbali." Dogo akamrudisha hapo hapo.

Mzazi wa pili: dogo wa Tabata

Hapa mashabiki wa dogo watakasirika, lakini haki ni haki. Na yeye kakosea.

Prodyuza ndiye mwenye funguo. Msanii akisema "nirudishe kwenye 'a'", jibu sahihi ni kumrudisha mistari miwili nyuma, aimbe toka huko akiwa tayari ana mzuka, apite lile neno, aendelee mpaka mstari unaofuata. Kipande kipya kinakuwa na mkia mbele na nyuma. Programu za leo hazifuti cha chini. Kipo kile cha zamani, kipo na kipya, unachagua mwenyewe pa kukutanishia. Faida nyingine ni kwamba sauti inafanana. Mtu akiingia ghafla kwenye neno moja, anaimba kwa nguvu tofauti na umbali tofauti wa maiki, na hata kama hakuna tiki, sikio linajua kuna kitu kimebandikwa.

Halafu kuna krosifedi. Hii ndiyo dawa yenyewe. Kipande cha zamani kinashushwa taratibu huku kipya kinapandishwa, vinapishana kidogo. Kidogo kiasi gani? Milisekunde 5 mpaka 10 mara nyingi zinatosha. Milisekunde 10 ni namba 441 tu kati ya zile 44,100. Kufumba na kufumbua jicho ni zaidi ya milisekunde 100. Yaani ni kitu kidogo kuliko kufumba jicho, na ndicho kimempa dogo matusi ya wiki nzima.

Hili sio jambo jipya la kompyuta. Enzi za mkanda, mafundi walikuwa wanakata mkanda kwa wembe, na walikuwa wanakata mshazari. Ule mshazari ulifanya sauti moja iishe taratibu huku nyingine ikianza. Krosifedi ya wembe! Na enzi hizo ukipanchi vibaya kwenye mkanda umefuta kilichokuwepo, hakuna kurudi nyuma. Leo kuna kitufe cha kurudisha, na bado watu wanaacha mishono mitupu.

Programu nyingine zinakusaidia bila kuombwa. Reaper, kwa mfano, inaweka fedi fupi kwenye ncha za vipande yenyewe. FL Studio, ambayo vijana wengi wameanzia nayo, ina sehemu ya kuondoa tiki kwenye mipangilio ya vipande vya sauti. Lakini mipangilio hiyo inaweza kuwa imezimwa, au kipande kikakatwa tena baadaye na fedi ikapotea. Kuangalia ni kazi ya binadamu.

Kwa nini dogo hakuisikia? Wenye uzoefu watajibu haraka. Alikuwa anasikiliza kwenye spika kubwa, biti ipo juu, saa tisa usiku, masikio yamechoka. Tiki ndogo inajificha nyuma ya ngoma na besi. Hakusikiliza vokali peke yake bila biti. Hakuvaa hedifoni. Halafu akaja kwenye mastaringi, akabana sauti ili wimbo upige kwa nguvu, na kila kitu kidogo kikavutwa juu, tiki ikiwemo. Na bahati mbaya ilikuwa pale pale biti inapokata. Shabiki wa Mbagala mwenye iafoni kwenye daladala akaisikia kabla ya prodyuza.

Kuna maprodyuza wamejitokeza kumtetea wakisema "ni kompyuta tu ilikwama". Hapana, jamani. Tiki za kompyuta kukwama zipo kweli: ukiweka bafa ndogo sana wakati wa kurekodi, tuseme 64, na mashine haina nguvu, sauti inakatikakatika. Dawa yake ni kupandisha bafa, na wakati wa kumiksi kuipeleka hata 512 au 1024. Lakini namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Rudia kipande mara tatu. Tiki ikihamahama au ikipotea, ni kompyuta inahema. Ikibaki sehemu ile ile kila mara, ipo ndani ya faili: ama sauti ilikatika wakati wa kurekodi, ama ni mshono. Mchezo unaishia ukikikuza kile kipande kwenye skrini, na waliofungua faili la dogo wanasema ngazi ya wimbi ipo pale pale vipande viwili vinapokutana. Huo ni mshono.

Mzazi wa tatu: menejimenti

Huyu hakutajwa laivu, na ndiye mwenye kesi nzito.

Saa tisa usiku dogo alisema, na waliokuwepo wanashuhudia: "Dada, nipe hata siku moja nipitie vokali." Staa alikuwa tayari kukubali. Aliyekataa ni meneja, kwa simu, kwenye spika: "Dogo, tarehe imeshatangazwa. Tuma hivyo hivyo. Mashabiki hawasikii hayo mambo."

Mashabiki walisikia.

Tarehe ilitangazwa kabla wimbo haujarekodiwa. Bajeti ya video ilikuwepo, ya gauni ilikuwepo, ya watu wa kusambaza mtandaoni ilikuwepo. Siku moja ya kukagua vokali haikuwepo, na hela ya kumlipa mtu wa pili mwenye masikio mapya asikilize haikuwepo. Hapo ndipo tiki ilipopata kibali cha kutoka nyumbani.

Na kinachouma zaidi ni kwamba kuifuta ni kazi ya dakika chache. Unafungua faili la kazi, unasogeza mshono mpaka kabla ya herufi ngumu, unaweka krosifedi, unasikiliza, umemaliza. Hata kama faili la kazi limepotea na umebaki na vokali tu, bado zipo njia. Unaweza kukuza wimbi mpaka uone ile ngazi na kuichora upya kwa penseli ya programu. RX ya iZotope ina kifaa cha kuondoa tiki. Asiye na hela ana Audacity, ya bure kabisa, ina kifaa cha kuondoa tiki na kingine cha kurekebisha kipande kifupi kisichozidi namba 128, yaani kama milisekunde 3. Inatosha kwa tiki moja. Cha kuangalia ni usikipitishe kifaa wimbo mzima kwa pupa, maana kinaweza kula na "t" na "k" za msanii kikidhani nazo ni tiki. Tibu palipo na kidonda tu.

Kwa hiyo kwa nini haijafutwa mpaka leo? Hapa ndipo mchezo ulipo. Kwenye majukwaa ya kusikiliza nyimbo, msambazaji anaweza kupeleka faili jipya mahali pa lile la zamani. YouTube je? Ukishapandisha video, huwezi kubadilisha faili ukabaki na linki ile ile na idadi ile ile ya watazamaji. Kutoa tiki ni kufuta video na kuanza sifuri. Menejimenti imeangalia watazamaji waliokwisha kupatikana, ikaangalia tiki, ikachagua watazamaji. Halafu ikahitaji mtu wa kubeba lawama. Dogo hana meneja, hana wakili, hana mtu wa habari. Ilikuwa rahisi.

Biashara ni biashara, wanaweza kuiacha video ilivyo. Lakini kama umechagua watazamaji kuliko sauti safi, uchaguzi ni wako. Usiende laivu kulia kana kwamba umefanyiwa.

Nini kifanyike

Wasanii, njooni mmekariri. Sio lazima wimbo mzima, angalau vesi mnayoiimba leo. Na prodyuza akisema "tuanzie nyuma kidogo", mwimbe toka nyuma, hataki kukuchosha, anatafuta pa kushonea.

Maprodyuza, mjifunze kusema hapana. Faili likitoka na jina lako, lawama zinatoka na jina lako. Kabla ya kutuma, zima biti, vaa hedifoni, pita mshono kwa mshono kwenye vokali. Ni dakika ishirini. Ukikosa dakika ishirini, andika kwenye meseji: "Hii haijakaguliwa." Siku ya laivu ile meseji itakutetea kuliko mashabiki elfu moja.

Mameneja, acheni kutangaza tarehe za nyimbo ambazo hazijaimbwa. Na mkosoe watu wenu chumbani, sio mbele ya kadamnasi. Leo ni dogo wa Tabata, kesho ni mpiga picha, keshokutwa ni mtu wa mavazi. Mwisho hakuna fundi mwenye akili atakayetaka kufanya kazi na nyinyi, mtabaki na wale ambao hawana cha kupoteza, na hao ndio watakaowaletea tiki kila wimbo.

Na staa, kwa heshima zote dada, ulimtaja kwa jina mbele ya watu. Kumsafisha nako kufanyike kwa jina, mbele ya watu wale wale. Kumpigia simu usiku na kumwambia "bro tusameheane" hakurudishi wale wasanii wawili waliochukua hela zao.

Kuna kitu cha mwisho ambacho wengi hawakijui. Usiku ule ule wa laivu, wakati matusi yanamiminika, dogo alikaa kwenye kompyuta yake akausafisha mshono, akatoa faili jipya, akalituma kwa menejimenti bila kudai hata mia. Hakuandika neno lingine lolote.

Ile meseji ina tiki mbili za bluu tangu Jumatatu alfajiri. Jibu halijatoka.

Haya wadau, ukumbi ni wenu. Wewe ungekuwa staa, ungefuta video ukaanza upya, au ungeacha tiki ibaki? Na maprodyuza mnaopita hapa, mmeshawahi kulazimishwa kutuma kazi mbichi? Dondosheni maoni hapo chini, ila majina kapuni.